Chai ya Saa Mbili Isongole

Wananchi wa Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo. Madereva wa malori mlioko foleni. Wazazi, walezi na walimu wa zamu: simameni wima. Ninayoyaandika hapa ni mapenzi makubwa kuliko yote yaliyopata kutokea katika mkoa wa Songwe tangu mkoa huu uanzishwe.

Mkoa una miaka kama kumi tu, lakini hilo halipunguzi uzito wa jambo.

Mapenzi hayo yalianzia chini ya ndala. Ilikuwa ndala ya kijani, mguu wa kulia, na mwenye mguu aliitwa Violet. Alikuwa anarudi kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na mzigo wa vitenge kichwani, Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, pale mpakani ambapo malori husimama yakihema na wabadilisha kwacha hukuita bosi hata ukiwa umevaa sare ya shule. Alivaa gauni la njano lililombana pale alipotaka yeye na kulegea pale alipotaka mama yake. Upepo wa Tunduma, ambao haujawahi kufundishwa adabu, ukaleta karatasi. Karatasi ilikuwa inaelekea Zambia kwa kasi. Violet akaikanyaga.

"Dada, samahani! Usiinue mguu!"

Aliyepiga kelele alikuwa kijana mrefu mwenye kizibao cha kung'aa, faili kwapani, na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Na wewe ni nani wa kuuamuru mguu wangu?" Violet akauliza.

"Hiyo karatasi ni ya lori. Bila hiyo dereva analala hapa wiki nzima."

"Basi nimemwokoa. Ilikuwa inavuka mpaka bila pasipoti. Sema asante."

"Asante."

"Kwa Kibemba."

"Natotela."

"Eeh, kumbe umesoma!" Violet akainua mguu. "Chukua. Ina alama ya kisigino changu, waambie forodha huo ndio muhuri."

Kijana akacheka, na faili likamponyoka. Karatasi nyingine kumi na moja zikaelekea Zambia.

Aliitwa Lusubilo, mzaliwa wa Isongole kule Ileje, wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kuwajazia madereva karatasi za mizigo. Alikuwa na kasoro moja. Angeweza kumweleza afisa kwa nusu saa kwa nini uzito wa lori haulingani na hati zake, lakini mbele ya msichana anayempenda ulimi wake uliingia foleni na haukufika dirishani. Ushahidi ni simu zake. Alipiga mara kadhaa kila siku.

"Vai, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Lusu, hii ni mara ya tatu leo unaniuliza nimekula. Mimi mgonjwa?"

"Hapana, kipenzi."

"Basi sema kilichokufanya upige."

Lori likapiga honi mahali fulani.

"Nilitaka kujua kama umekula."

Hivyo ndivyo walivyopendana, Aprili, Mei, hadi Juni, wakinywa chai ya maziwa kwa Mama Grace karibu na geti la mpakani, Violet akimtania, Lusubilo akitabasamu ndani ya kikombe. Kila mtu alijua kijana anataka kuoa. Wabadilisha kwacha walijua. Mama Grace alijua, akawa anawawekea chapati moja sahani moja ili kuwasaidia. Aliyebaki kusema ni mwenyewe.

Kisha shangazi yake Violet akapiga simu kutoka Ndola, ndani Zambia. Alikuwa na duka kubwa la nguo, miguu inamsumbua, anamtaka Violet aje alisimamie. Si kwa mwezi mmoja. Kwa maisha. Mama Violet akafurahi, tarehe ikapangwa: Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kwa basi linaloondokea Nakonde.

"Nitakwenda," Violet alimwambia Lusubilo. Akasubiri. Alikuwa amempa mlango wazi, taa imewashwa, na kiti cha kukalia.

Lusubilo akazungusha kikombe. "Ndola kuna baridi?"

Violet alitaka kumwagia chai. Lakini Lusubilo alikuwa ameshatoa simu, kama afanyavyo mtu anayezama na kuona ubao. "Vai, sikia hii. Kuna watu wamezunguka miji midogo ya kusini mwa Thailand. Siku chache, hela kidogo. Asubuhi wako mji unaitwa Trang, wanakula nguruwe wa kuchoma na chai."

"Kitimoto asubuhi? Hao ni ndugu zetu wa Mbozi."

"Halafu wanapanda treni ya polepole mpaka Phatthalung. Huko kuna ziwa, nyati wa kufugwa wanatembea majini katikati ya maua."

"Nipeleke."

"Thailand?"

"Kusini. Si umesema kusini, miji midogo, hela kidogo? Hapa tuko kusini. Mlowo ni mji, tena mdogo. Na hela kidogo unazo."

"Ninazo kidogo sana."

"Basi umefuzu. Ijumaa mpaka Jumapili. Jumatatu nina basi." Akamtazama usoni. "Siku tatu, Lusu. Kama kuna neno unataka kuniambia, safari ni ndefu ya kutosha."

Mama Violet aliposikia alifunga khanga upya kiunoni, ishara ya vita. "Na huyo kijana? Siku tatu? Mnakwenda na Restuta, la sivyo hakuna anayevuka mlango huu."

Restuta alikuwa mdogo wake Violet, kidato cha tatu, shule ya bweni, yuko nyumbani kwa likizo: binti mwenye adabu, akili nyingi, sura ya kupendeza, na kwa maoni ya watu wengi wasio na upendeleo, nguzo ya familia. Akakubali kujitoa mhanga.

Ijumaa wakapanda Noah. Kule Thailand kuna treni ya polepole. Noah yao ilikuwa ya polepole zaidi, maana dereva alisimama kumsalimia kila mtu aliyewahi kusoma naye. Kiti cha mbele alikaa mgeni mmoja kutoka Dodoma akilalamika kwamba simu yake imeharibika, tangu jana mara inasema saa moja, mara saa mbili.

"Haijaharibika, kaka," Lusubilo akamwambia. "Ukiwa karibu na mpaka inashika mnara wa Zambia, na wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Malawi pia. Ingia kwenye saa, zima pale inapojipanga yenyewe, uipange kwa mkono."

"Wewe yako umezima?"

"Mtu wa Tunduma hadanganywi na saa," Violet akadakia. "Yangu niliizima siku niliyoinunua, hata kabla sijalipa."

Kumbukeni maneno hayo. Mimi nimeyakumbuka sana.

Mlowo walikula kitimoto na ndizi za kuchoma saa tatu asubuhi, na Lusubilo akatangaza kwamba sasa wako Trang. Mchana wakaenda Ndolezi kukitazama kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, kubwa kama gari dogo. Violet alivaa sketi ya kitenge chenye ndege wa bluu na sweta jeupe. Lusubilo alivaa shati lile lile, limepigwa pasi upya. Restuta alikaa mbali akila karanga, kama sheria inavyotaka.

"Limetoka mbinguni kote huko," Lusubilo akasema, "likachagua Mbozi."

"Hata mimi ningechagua Mbozi. Kahawa ipo, baridi ipo." Violet akaweka kiganja kwenye chuma baridi. "Lakini angalia, Lusu. Hili jiwe limesafiri umbali usiohesabika na likafika. Neno lako linatoka kifuani mpaka mdomoni tu, na halifiki."

Lusubilo hakucheka. "Litafika Isongole," akasema.

Usiku huo mabinti walilala Vwawa kwa baba mdogo Enoka, Lusubilo akalala gesti, na Jumamosi mchana wakashuka Isongole. Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, walisimama kando ya Mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Ng'ombe watatu walikuwa wamesimama majini hadi tumboni.

"Phatthalung," Violet akasema.

"Maua hayapo."

"Mimi nipo."

Lusubilo akavuta pumzi. Alikuwa amekariri, ilionekana; mikono yake ilikuwa nyuma kama mwanafunzi anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. "Vai, mimi kusema siwezi, unajua. Kwa hiyo nimefanya hivi. Baba yangu hayupo, aliyenilea ni mjomba Alinanuswe. Kesho asubuhi saa mbili kamili, kabla ya ibada, ataweka chai. Nimemwambia kuna mtu. Kwetu msichana akija kunywa chai kwa wazee peke yake, kwa miguu yake, hakuna haja ya kumuuliza tena. Ukija, nitajua. Jumatatu huendi Ndola, na mshenga atakwenda kwa mama yako."

"Na nisipokuja?"

"Pia nitajua. Sitakufuata, sitakusumbua. Kumfuata mtu siku ya jibu ni kumlazimisha, mjomba amesema, na mimi naona yuko sahihi."

Violet alitazama ng'ombe kwa muda mrefu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa. "Mjomba anapenda chai ya sukari nyingi au kidogo?"

"Nyingi."

"Saa mbili," akasema.

Mabinti walilala katika hosteli ya kanisa, upande wa pili wa soko. Kabla ya kulala Violet aliinyoosha tena sketi yake kwa mikono, akaweka kengele ya simu ilie saa kumi na mbili ili aoge na kusuka nywele, na akampa Restuta simu atazame picha za kimondo. Restuta akazitazama kwa utulivu mkubwa. Kisha wote wakalala.

Jumapili kengele ya simu ikalia. Violet akaoga, akasuka, akapaka mafuta, akavaa sketi ya ndege wa bluu. Alipokuwa anafunga kilemba akasikia kengele ya kanisa, akasema, "Hawa watu wa Isongole wanawahi sana." Akatoka peke yake, kwa miguu yake, akatembea polepole ili asifike kabla ya wakati. Mbele ya nyumba ya mjomba Alinanuswe akatazama simu: saa mbili kasoro dakika moja. Akabisha hodi.

Hakuna aliyejibu. Uani, juu ya kichanja, vikombe sita vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa.

"Wamekwenda kanisani, mwanangu," jirani akamwambia juu ya ua. "Na yule kijana wao kapanda pikipiki na begi lake."

"Pikipiki ya wapi?"

"Njia ya Mpemba hiyo. Alikuwa hana raha."

Violet alisimama pale mpaka wimbo wa kwanza wa ibada ukaisha. Alijaribu kupiga, simu ikakataa, mtandao uliokuwepo haukuwa wake. Akarudi hosteli, akakunja sketi, akasema, "Restuta, tunakwenda nyumbani."

Walipofika karibu na Mpemba simu ikaanza kulia. Ni Lusubilo.

"Nimekupigia tangu asubuhi," akasema. "Hukupatikana. Nataka tu kukutakia safari njema ya Ndola."

"Safari njema? Nimekuja kwenu nikakuta vikombe vimeoshwa! Mmeniosha na mimi?"

"Violet, tumekaa na chai tangu saa mbili. Mjomba amechelewesha ibada kwa robo saa, hajawahi kufanya hivyo tangu awe mzee wa kanisa. Mkewe ameipasha chai mara tatu."

"Nilibisha hodi saa mbili kamili!"

Sauti ya Lusubilo ikageuka ya mtu anayekagua hati ya uongo. "Mtu wa Tunduma hadanganywi na saa. Umesema mwenyewe. Ungeniambia hukutaka, ningeelewa. Lakini usiniambie saa mbili."

"Unaniita mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Kweli, wewe husemi. Ndiyo kazi yako hiyo, kutosema." Akakata. Akalia mpaka Tunduma, uso ndani ya kilemba, na abiria wote wakajifanya wanatazama mashamba. Restuta naye alitazama mashamba.

Jumatatu Mama Violet ndiye aliyeharakisha kila kitu: begi, sala, machozi. Violet hakutazama saa wala kioo. Basi la Ndola huondoka Nakonde saa tatu, saa za Zambia. Restuta akambebea begi dogo. Walipokaribia geti, Violet akatazama simu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Saa mbili na nusu. Zambia bado ni saa moja na nusu. Tuna muda wa chai."

Wakaketi kwa Mama Grace. Violet alikunywa kikombe kimoja kwa dakika hamsini. Kila kizibao cha kung'aa kilipopita alikaa wima, kisha akainama tena. Mama Grace akaleta sahani moja yenye chapati moja, kwa mazoea, akaiondoa haraka.

Lusubilo alikuwa mita mia mbili tu kutoka pale, nyuma ya lori la shaba. Alijificha huko tangu asubuhi. Alikuwa ameamua kutotoka mpaka basi liondoke, kwa kuwa hakuiamini miguu yake. Saa ilipofika, akahesabu dakika ishirini za ziada, akafuta uso, akatoka kutafuta chai. Akamkuta amekaa.

"Hukuondoka?"

Violet akaruka. "Bado mapema. Kama umekuja kunifukuza, subiri zamu yako."

"Vai, basi limeondoka. Dakika ishirini zilizopita."

"Acha uongo. Linaondoka saa tatu za kwao, na sasa hivi kwao ni saa mbili na dakika ishirini."

"Kwao ni saa tatu na dakika ishirini. Kwetu saa nne na ishirini." Akatoa simu yake, akaiweka mezani. Violet akaiweka yake pembeni. Saa nne na dakika ishirini. Saa tatu na dakika ishirini. Mama Grace akaja kuchungulia, na nyuma yake dereva mmoja Mzambia akachungulia pia, akasema, "Sister, hiyo saa yako imeshavuka mpaka."

Lusubilo aliitazama ile simu kama alivyotazama karatasi chini ya ndala.

"Jana," akasema taratibu, "ulibisha hodi saa mbili ya simu hii?"

"Saa mbili ya simu hii. Kasoro dakika moja. Nilisimama nje nikaisubiri hiyo dakika."

"Kwa hiyo ulikuja."

"Nilikuja, Lusu. Kwa miguu yangu. Nilivaa wale ndege."

Na hapo ulimi wa Lusubilo, baada ya miezi mitatu ya foleni, ukafika dirishani. Ukamwaga kila kitu. Alisema anampenda tangu kisigino. Alisema alipanda pikipiki jana akilia na mwendesha pikipiki akamshauri amwache Mungu afanye kazi. Alisema hataki kujua kama amekula, hajawahi kutaka, alichotaka siku zote ni kumwambia: nioe. Akajisahihisha: nikuoe. Mama Grace akashika mlingoti wa kibanda. "Njoo unywe chai kwa mjomba," akamaliza. "Jumapili hii. Na nyingine zote."

"Kwa saa za wapi?"

"Za kwetu."

"Nitakuja," Violet akasema, akamkamata mikono yote miwili mbele ya mataifa mawili, na dereva Mzambia akapiga honi ingawa lori halikuwa lake.

Jumapili iliyofuata alifika Isongole saa moja, akamkuta mjomba Alinanuswe ananyoa ndevu, nusu ya kidevu ina povu. Chai ilikuwa na sukari nyingi. Mshenga amekwenda kwa Mama Violet, barua imepokelewa, na shangazi wa Ndola amepata msichana mwingine. Kuhusu ile simu, wataalamu wanasema vifaa hivi vya kisasa vina maradhi yake. Na hapo ndipo

Nimekatizwa. Dada Violet amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu lini, na amesoma mpaka neno "maradhi".

"Restuta," amesema. "Andika nani aliishika simu usiku ule."

Nimemwambia hadithi imeshakaa vizuri hivi.

"Andika."

Haya. Ni mimi. Shuleni tunaamshwa saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu, na nilipoona kengele ya Dada imewekwa saa kumi na mbili, siku ya likizo, nikaona ni uonevu. Malawi ilikuwa pale ng'ambo, imekaa nyuma saa moja bila kazi. Nikaiwasha saa ijipange yenyewe, nikapata saa moja ya usingizi, nikacheka chini ya blanketi. Habari za chai niliambiwa asubuhi, wakati anasuka, naye alikuwa na furaha hivi kwamba nilidhani saa moja haiwezi kumdhuru mtu mwenye furaha kiasi kile.

Huo ni utundu, na ningesamehewa. Lakini kuna jingine, na hili Dada alikuwa halijui mpaka anasoma mstari huu. Kule Mpemba, kabla simu haijalia, niliiona kwenye mapaja yake ikiruka kutoka saa nne kwenda saa tano, imerudi kwenye mnara wetu. Nilijua palepale kilichotokea. Nilimsikia akiitwa mwongo, nikamwona anaweka uso kwenye kilemba, nami nikatazama mashamba. Nilimwogopa Mama. Siku nzima, na usiku mzima, na asubuhi nikabeba begi lake mpaka mpakani, na pale mezani nilimsikia akitaja saa, nikanyamaza tena. Kama shemeji angekaa nyuma ya lori lile nusu saa zaidi, Dada angekuwa ametafuta basi jingine, na mimi ningekuwa ndiye niliyempeleka Ndola.

Nimemaliza kuandika. Yeye bado amesimama nyuma yangu, na mimi siwezi kugeuka.

Sasa ameweka mkono kichwani kwangu. Sijui kama ni wa kunipiga au wa kunisamehe. Ni mzito, na ni wa joto, na hajauondoa.